Sanduku linavutwa mbele, mchapuko unatoka hasi: nimekosea wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tano, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), na maswali ya msuguano yananitesa. Sanduku la kilo 20 limetulia sakafuni. Kizigeu cha msuguano tuli ni 0.4 na cha msuguano wa mwendo ni 0.3. Linavutwa kwa kamba iliyo sambamba na sakafu kwa kani ya nyutoni 60, tafuta mchapuko (kiwango cha kubadilika kwa kasi). Nimepata −0.92, kitabu kinasema sifuri. Sehemu ya pili, kamba inainuliwa nyuzi 30 na kani inakuwa nyutoni 100. Nimepata 1.39, kitabu kinasema 2.14. Halafu tumefundishwa kwamba msuguano hupinga mwendo siku zote, lakini kitabu hicho hicho kinasema sanduku lililo juu ya lori linapelekwa mbele na msuguano. Tushike lipi? Na g, yaani mchapuko wa uvutano wa dunia, tutumie 9.8 au 10?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hukuniandikia hatua zako, lakini majibu yenyewe yanazisimulia. Ile −0.92 ilitoka hivi: ulizidisha 20 kwa 9.8 ukapata uzito wa nyutoni 196, ukazidisha kwa 0.4 ukapata 78.4, ukaandika 60 − 78.4, ukagawanya kwa 20. Hesabu haina kasoro. Ila soma ulichokiandika kana kwamba ni habari ya kweli: sanduku lilikuwa limetulia, umelivuta mbele, nalo limeanza kurudi nyuma huku likiongeza kasi. Sanduku la namna hiyo likionekana Kariakoo, watu watalikimbia na mizigo yao wataiacha.

Chanzo cha kosa ni kudhani kwamba msuguano una thamani moja, nayo ni μN, yaani kizigeu (μ) mara kani ya sakafu inayolisukuma sanduku juu (N). Kwa kitu kilichotulia si hivyo. Msuguano tuli hauna kiasi chake wenyewe. Hutoa kile unachodaiwa. Ufikirie kama mdaiwa mwaminifu mwenye mfuko mdogo: ukimdai 20 anakulipa 20, ukimdai 60 anakulipa 60, na hata siku moja hakulipi 78 kwa deni la 60. Ile 78.4 uliyoipata ni mfuko wake wote. Ni kikomo, na kikomo kina kazi moja tu, kukuambia deni gani litamshinda.

Basi tulivute sanduku polepole tuone. Kwa nyutoni 20, msuguano ni 20, kani jumla sifuri, sanduku halijasogea. Kwa 60, msuguano ni 60 na bado kumetulia. Hilo ndilo jibu la kitabu. Kwa 78 bado. Kwa 80 mfuko umekwisha, sanduku linachomoka, na hapo hapo msuguano unashuka. Sasa nyuso zinateleza, kwa hiyo tunaingia kwenye kizigeu cha mwendo: 0.3 × 196 = 58.8. Mchapuko ni (80 − 58.8) ÷ 20, yaani 1.06 m/s². Angalia mruko huo. Mchapuko haukupanda taratibu kutoka sifuri. Ulikuwa sifuri, kisha ghafla ukawa zaidi ya 1. Ukiwahi kusukuma kabati zito unaujua mruko huo kwa mabega yako: unasukuma, halitaki, unaongeza, halitaki, kisha linakuponyoka na kidogo uanguke nalo.

Kuna jambo lingine kwenye namba hizo hizo ambalo watunga mitihani hulipenda. Tuseme sanduku tayari linakwenda, kisha mvutaji anabaki na nyutoni 60. Msuguano sasa ni 58.8, kani jumla ni 1.2, mchapuko ni 0.06 m/s². Linaendelea kwenda, na hata linaongeza kasi kidogo. Sanduku lile lile, sakafu ile ile, kani ile ile ya 60: likiwa limetulia halisogei, likiwa linakwenda halisimami. Kwa hiyo neno “limetulia” ndani ya swali lako lilikuwa na uzito sawa na namba zote. Wanafunzi wengi huruka maneno kukimbilia tarakimu, na kwenye msuguano maneno ndiyo yanayochagua tarakimu itakayotumika.

Usije ukaiogopa alama hasi moja kwa moja, kwani kuna mahali ni halali. Sanduku linakwenda kwa 2 m/s, mvutaji anachoka, anabaki anavuta kwa 40. Kani jumla ni 40 − 58.8, mchapuko ni −0.94 m/s². Safi kabisa: sanduku linapunguza kasi. Litasimama baada ya meta 2.1 hivi (4 gawanya kwa 1.88). Likishasimama, hesabu hiyo imekufa. Msuguano unarudi kuwa tuli, unapanga kiasi chake kuwa 40, na sanduku linabaki hapo. Ukiacha ule mlinganyo uendelee kujiendesha, utalirudisha sanduku nyuma kama ulivyofanya mwanzo. Msuguano husimamisha kitu, lakini hauwezi kukigeuza kianze safari ya upande wa pili.

Kwa hiyo mbele ya swali lolote la msuguano mimi sianzi na μN. Naanza kwa kuuondoa msuguano kichwani: kama sakafu ingekuwa laini kabisa, nyuso hizi mbili zingeteleza kuelekea wapi? Msuguano unaelekea kinyume cha huko. Kisha nauliza kinahitajika kiasi gani ili zisiteleze, na namba hiyo ndiyo naipima na kikomo. Ikiwa ndogo kuliko kikomo, msuguano ni hiyo namba na kazi imekwisha. Ikizidi, naitupa, nachukua kizigeu cha mwendo, natafuta mchapuko. Hatua ya kulinganisha huchukua mstari mmoja wa karatasi. Usipoiandika, msahihishaji hajui kama ulifikiri au ulibahatisha.

Tuje sehemu ya pili. Jibu lako la 1.39 nalo linajieleza: ulichukua sehemu ya mlalo ya kani vizuri, 100 × cos 30° = 86.6, ukatoa 58.8, ukagawanya kwa 20. Safari hii ulikumbuka kutumia 0.3, hongera. Kilichokuponza ni N. Uliandika N = mg (tungamo mara g, yaani uzito) kwa mazoea, kwa sababu kwenye mifano yote ya mwanzo wa sura N huwa sawa na mg. N si jina lingine la uzito. Ni kani ambayo sakafu inalisukuma sanduku kwenda juu, na sakafu husukuma kwa kiasi inachokandamizwa tu. Kamba iliyoinuka inakusaidia kubeba. Sehemu yake ya wima ni 100 × sin 30° = 50, kwa hiyo sakafu imebakiwa na 196 − 50 = 146.

Sasa endelea kwa utaratibu ule ule. Kikomo cha msuguano tuli ni 0.4 × 146 = 58.4. Kinachodaiwa ni 86.6. Kikomo kimezidiwa, sanduku linakwenda. Msuguano wa mwendo ni 0.3 × 146 = 43.8. Kani jumla 86.6 − 43.8 = 42.8, mchapuko 2.14 m/s². Kitabu kiko sahihi.

Ili N isikuponze tena, usiikumbuke, itafute. Chora sanduku peke yake bila sakafu wala mvutaji, weka mishale ya kani zote zinazoligusa pamoja na uzito, kisha andika mlinganyo wa wima kwanza. Sanduku halipai wala halizami, kwa hiyo mishale ya juu na ya chini lazima ilingane: N + 50 = 196. Mlinganyo wa mlalo unakuja wa pili, kwa sababu unaihitaji N. Wengi hufanya kinyume, ndiyo maana wakifika kwenye msuguano wanaibuka na mg kutoka hewani.

Hebu tuongeze kitu ambacho swali lako halikuuliza, maana ndipo somo linapokuwa tamu. Badala ya kuvuta kwa kamba, mtu anasimama nyuma ya sanduku na kulisukuma kwa nyutoni 100 zile zile, mikono ikielekea chini kwa nyuzi 30. Sehemu ya mlalo ni ile ile, 86.6. Lakini safari hii sehemu ya wima inaongeza mzigo juu ya sakafu: N = 196 + 50 = 246. Kikomo cha msuguano tuli kinakuwa 0.4 × 246 = 98.4. Kinachodaiwa ni 86.6 tu. Sanduku halisogei kabisa! Nguvu zile zile, pembe ile ile: ukivuta unapata mchapuko wa 2.14, ukisukuma kuelekea chini unapata jasho. Anayesukuma friji sebuleni huku ameegemea sehemu ya juu anajinyima mwenyewe. Ainame, asukume chini kabisa, mikono ikiwa sambamba na sakafu.

Utauliza, je, nikiinua kamba zaidi nitafaidi zaidi? Hapana, maana kadiri unavyoinua ndivyo sehemu ya mlalo inavyopungua. Kuna pembe nzuri kuliko zote, nayo ni ile ambayo tan yake ni sawa na kizigeu cha mwendo. Kwa 0.3 ni nyuzi 16.7 hivi. Kwa pembe hiyo na nyutoni 100 unapata 2.28 m/s², dhidi ya 2.06 kwa kamba iliyolala na 2.14 kwa nyuzi 30. Tofauti si kubwa. Ukiwa umeshasoma kalkulasi, uthibitishe mwenyewe. Ni kunyambua mara moja tu.

Sasa lori. Uliyofundishwa darasani si uongo, ila sentensi ilikatwa mkia. Msuguano hupinga kuteleza kwa uso mmoja juu ya mwingine. Haupingi mwendo wa kitu kwa jinsi anavyouona mtu aliyesimama kando ya barabara. Mambo hayo mawili hufanana sakafu inapokuwa imetulia, na kwa kuwa mifano mingi ya darasani ina sakafu iliyotulia, tofauti hujificha mpaka sakafu yenyewe ipate magurudumu.

Lori linaondoka kwa mchapuko wa 2 m/s², na sanduku lako la kilo 20 liko juu ya bodi. Tumia swali letu: bila msuguano, nini kingetokea? Lori lingeondoka na sanduku lingebaki lilipo, yaani kwa mtu aliye juu ya lori lingeteleza kwenda nyuma. Basi msuguano juu ya sanduku unaelekea mbele. Chora sanduku peke yake uone: hakuna kamba, hakuna mkono, hakuna kitu kingine kinacholigusa isipokuwa bodi. Ikiwa linaongeza kasi kwenda mbele, kani ya kulipeleka mbele itatoka wapi kama si hapo? Kinachodaiwa ni 20 × 2 = 40. Kikomo ni 78.4. Msuguano ni nyutoni 40 kuelekea mbele, na sanduku linasafiri salama.

Lori linaweza kuongeza mchapuko mpaka wapi? Mpaka 20a = 0.4 × 20 × 9.8. Ile 20 inafutika pande zote mbili na kubakia a = 3.92 m/s². Usiupite mstari huo haraka. Tungamo halimo. Sanduku la kilo 20 na jenereta la kilo 200, vikiwa na kizigeu kile kile, huanza kuteleza kwa mchapuko ule ule. Kuna wapakiaji wanaoamini kwamba mzigo mzito hauhitaji kufungwa kwa sababu “uzito wake unaushikilia”. Uzito unaongeza kikomo, ni kweli, lakini unaongeza deni kwa kiwango kile kile.

Breki ndiyo inayoonyesha ubaya wake. Tuseme lori linakwenda kilometa 60 kwa saa, yaani 16.7 m/s, na dereva anapunguza kasi kwa 6 m/s² ghafla. Sanduku linahitaji 20 × 6 = 120, kikomo ni 78.4, kwa hiyo linateleza. Msuguano wa mwendo unalipunguzia kasi kwa 0.3 × 9.8 = 2.94 m/s². Hapa watu husema mzigo “umerushwa mbele”. Hakuna aliyeurusha. Sanduku nalo linapunguza kasi, ila lori linapunguza haraka zaidi, na tofauti ni 6 − 2.94 = 3.06 m/s². Kama kati ya sanduku na kabini kuna nafasi ya meta 3, tunatafuta muda kwa 3 = ½ × 3.06 × t², tunapata sekunde 1.4. Lori linahitaji sekunde 2.8 kusimama, kwa hiyo sanduku linafika kabini kabla lori halijasimama, likiigonga kwa kasi ya 3.06 × 1.4, karibu 4.3 m/s. Hiyo ni kilometa 15 kwa saa. Lifanye kuwa jenereta la kilo 200 na uwazie dereva amekaa upande wa pili wa bati.

Magurudumu na miguu yako hufuata kanuni hiyo hiyo, sitakaa sana hapo. Unapotembea, mguu husukuma ardhi kwenda nyuma, ardhi hukusukuma mbele, na kwa kuwa soli haitelezi, huo ni msuguano tuli. Tairi linalozunguka bila kuteleza hali kadhalika: sehemu inayogusa lami, kwa ile nukta ya wakati, imetulia juu ya lami. Ndiyo sababu magari yenye mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge husimama vizuri zaidi kwenye lami. Mfumo unalizuia tairi lisianze kuburuzika, maana likiburuzika unaingia kwenye kizigeu kidogo na usukani haukusikii tena.

Katikati ya maswali kama haya mwanafunzi huniuliza: na ukubwa wa kitako cha sanduku? Likilazwa ubavu mpana si litasuguana zaidi? Kwa maswali ya kiwango chako, hapana. Guillaume Amontons aliwaeleza wanasayansi wa Paris mwaka 1699 kwamba msuguano hufuata mzigo na haujali eneo la kugusana, na inasemekana hawakumwamini kirahisi. Charles-Augustin de Coulomb, mhandisi wa jeshi la Ufaransa, alilipima jambo hilo kwa upana kwenye gati la Rochefort na kupata tuzo ya Akademia ya Paris mwaka 1781. Sababu ni kwamba nyuso mbili, hata zikionekana laini, hugusana kwenye ncha chache tu. Mzigo ukiongezeka ncha hizo hubonyea na eneo la kweli la kugusana hukua. Ukiulaza mzigo kwenye ubavu mpana, unausambaza tu kwenye ncha nyingi zilizobonyea kidogo. Ila tofautisha daraja. Kanuni za Newton ni nguzo. μN ni kanuni ya vipimo, inafaa kwa mbao, chuma na mawe makavu, na inaanza kulegea kwenye mpira laini au penye mafuta. Kwenye mtihani vyote huandikwa kwa wino mmoja, lakini kichwani visiwe na hadhi moja.

Tena kizigeu si kitu cha kusomwa kwenye jedwali tu. Tafuta ubao wa meta 1, weka tofali juu yake, inua ncha moja taratibu. Kabla halijateleza, kinachodaiwa ni mg sin θ (θ ni pembe kati ya ubao na sakafu) na kikomo ni μ mg cos θ. Linapoanza tu kuteleza viwili hivyo vimelingana, mg inafutika, unabaki na μ = tan θ. Hata kipimapembe huhitaji: pima urefu wa kwenda juu na urefu wa chini sakafuni, gawanya. Kama ncha imefika sentimeta 37 kwenda juu, chini kutakuwa na sentimeta 93 hivi, na kizigeu ni 0.4. Rudia mara kadhaa, utaona majibu yanacheza. Yasipocheza, shaka mikono yako.

Mteremko unaleta mtego wa mwisho ambao nakuomba uujaribu kwa peni. Kipande cha mbao kinatupwa kupanda mteremko wa nyuzi 30 kwa kasi ya 6 m/s, vizigeu vikiwa vile vile vya kwako. Je, kitarudi chini, na kikirudi kitafika na kasi gani?

Kikipanda, kinateleza kwenda juu, kwa hiyo msuguano unaelekea chini na unashirikiana na uzito. Mchapuko wa kukipunguza ni g(sin 30° + 0.3 cos 30°), yaani 7.45 m/s², na kinasimama baada ya meta 2.42. Hapo juu ni kituo cha ukaguzi: kimetulia, kwa hiyo uliza tena. Tan 30° ni 0.577, kubwa kuliko 0.4, basi hakikai, kinarudi. Kikirudi kinateleza kwenda chini, msuguano umegeuka unaelekea juu, na mchapuko sasa ni g(sin 30° − 0.3 cos 30°), yaani 2.35 m/s². Kinafika chini na 3.37 m/s. Kupanda kulichukua sekunde 0.81, kushuka kunachukua 1.43. Anayetumia mlinganyo mmoja kwa safari nzima, kama tunavyofanya kwa mpira uliorushwa juu, atapata kinarudi na 6 m/s ile ile, kana kwamba msuguano umemrudishia chenji.

Jibu hilo unaweza kulikagua kwa njia ya pili bila kugusa mchapuko. Kwa kila kilo, kilianza na nishati ya 36 ÷ 2 = 18 na kikarudi na 3.37² ÷ 2, yaani 5.7. Zimepotea juli 12.3. Msuguano kwa kila kilo ni 0.3 × 9.8 × cos 30° = 2.55, safari nzima ni meta 4.84, na 2.55 × 4.84 ni 12.3. Yamekutana. Ukiwa na dakika mbili za ziada kwenye mtihani, zitumie hivi badala ya kurudia kubonyeza kikokotoo kwa namba zile zile. Ukirudia njia ile ile, kosa lile lile hupita mlango ule ule.

Kuhusu g: tumia uliyopewa kwenye karatasi, na kama hukupewa, tumia 9.8 na uandike kwamba umetumia 9.8. Kwetu huku karibu na ikweta thamani ya kweli ni takriban 9.78, kwa sababu dunia imevimba katikati na inazunguka, kwa hiyo 9.8 iko karibu sana. Ukitumia 10 kwenye sehemu yako ya pili, N inakuwa 150, msuguano 45, na mchapuko 2.08 badala ya 2.14. Msahihishaji atakubali lolote kati ya hayo ikiwa hatua zinaonekana. Kuchanganya, yaani 9.8 kwenye N na 10 mahali pengine ndani ya swali moja, hilo hatalikubali.

Ukimaliza la mteremko, libadilishe mwenyewe: punguza pembe iwe nyuzi 20, kasi ile ile ya 6 m/s, uone kipande kinaishia wapi. Kokotoa kwanza tan 20° kabla hujaandika chochote kuhusu kurudi.